Ugonjwa Ni Wangu

Mwamgongo,
3 Agosti 1997

Baba Honorata,

Salamu nyingi. Mimi na mtoto hatujambo, hofu ni kwako uliye huko kambini Kasulu. Honorata amerefuka. Gauni ulilomletea Pasaka limeshapanda juu ya magoti.

Lakini sikukaa chini niandike kwa ajili ya gauni. Jumapili baada ya misa kaka yako Leodgar alikuja, akakaa na mama yako uani. Mimi nilikuwa pale pale naanua dagaa, nao wakazungumza kama vile sina masikio. Leodgar alisema Honorata anakaribia kuanza shule na nyuma yake hakuna mtu. Akasema, "Huyu amezaa mmoja akafunga. Telesphory atazeeka na binti mmoja?" Kisha akataja msichana wa Kalinzi, anaitwa Regina, baba yake ana shamba la kahawa. Mama yako hakusema ndiyo wala hapana. Aliniangalia tumbo tu.

Nimenyamaza kwa heshima yao. Ila wewe ni mume wangu, na wewe nakuuliza. Pasaka ulikuja, na kila tulipoingia kulala ukaniambia safari imekuchosha, ukageukia ukuta. Krismasi iliyotangulia ilikuwa vile vile. Hao wanaonihesabia miaka hawalijui hilo. Mimi nalijua na wewe unalijua. Sasa niambie, niwajibu nini?

Mkeo,
Yunisi


Kambini, Kasulu
24 Agosti 1997

Mama Honorata,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Martini wa boti. Mimi ni mzima kabisa.

Kazi huku imezidi. Warundi wapya wanazidi kuingia kutoka mpakani, watu wanalala chini ya maturubai, na shirika linataka madawati ya madarasa mapya yawe tayari kabla ya mvua. Nikishika msumeno asubuhi nauachia jua likizama. Nimempa Martini kitenge, sabuni na viatu vya Honorata.

Maneno ya kaka usiyatie moyoni. Unamjua alivyo. Mwambie nitazungumza naye mwenyewe kazi ikipungua.

Kuhusu hilo lingine, mtu anayefanya kazi ya mbao kutwa nzima huchoka. Hakuna zaidi. Tafadhali usilizungumze na mtu yeyote.

Mumeo,
Telesphory


Mwamgongo,
5 Oktoba 1997

Baba Honorata,

Kitenge ni kizuri. Sijakishona.

Nilipanda boti mpaka Kigoma, nikaenda hospitali. Sikumwambia mtu, nilisema napeleka dagaa Kibirizi. Nilipimwa, nikaulizwa maswali ambayo sitayaandika, na daktari akaniambia hakuona tatizo kwangu. Akasema, "Mama, mlete mzee." Nikamjibu mzee yuko mbali. Nilirudi na boti ya jioni nikiwa nimejifunika khanga usoni, watu wakidhani naogopa mawimbi.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Martini. Yeye alipeleka dagaa huko kambini, na hana tabia ya kuzua. Anasema amekuona ukiingia nyumbani kwa nesi mmoja wa Kirundi, Carmen, tena kwa mlango wa nyuma. Na si mara moja.

Kwa hiyo uchovu wako una jina.

Leodgar ameshapanga. Baada ya Mwaka Mpya wanapanda Kalinzi na pombe kukuposea yule msichana. Kama unataka mke mwingine, au unaye tayari, uje useme mbele yangu. Mimi sitafukuzwa kwenye nyumba niliyokanyagia udongo wake kwa miguu yangu, kwa sababu ya kosa nisilolifanya.

Yunisi


Mwamgongo,
5 Oktoba 1997

Kwako Carmen,

Hunijui. Mimi ni mke wa Telesphory, fundi seremala, tumefunga ndoa kanisani na tuna mtoto.

Najua mmekimbia vita na mmepoteza watu. Sisi hapa ziwani tuliwapokea wenzenu waliokuja kwa mitumbwi, niliwapikia kwa mikono yangu. Kwa hiyo nisingependa kukutukana. Nakuomba tu unijibu kama mwanamke: mume wangu anafuata nini kwako kwa mlango wa nyuma?

Yunisi, Mama Honorata


Kambini, Kasulu
19 Oktoba 1997

Dada Yunisi,

Amahoro. Amani kwako. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Mimi ni mjane. Nilizaliwa Buyenzi pale Bujumbura, ndiyo maana Kiswahili changu unakielewa. Nilikuwa muuguzi kabla ya kukimbia, na hapa kambini ni muuguzi bado. Watu huja zahanati mchana, na wengine ambao wanaona haya kupanga foleni huja kwangu. Sijawahi kumrudisha mtu kwa sababu ya mlango aliotumia.

Mtu akija kwangu kama mgonjwa, mambo yake siyatoi, hata kwa mke wake, hata akiniandikia barua inayoniuma kama hii yako. Ukija wewe kesho nitakufichia yako vile vile. Lakini langu mimi naweza kulisema: sina mapenzi na mume wako. Sijawahi kuwa nayo na siyatafuti.

Barua yako nimempa aisome. Alikaa kwenye kiti changu, akaisoma, akairudia. Nikamwambia, "Telesphory, mke wako anapigwa mawe yanayokuhusu wewe, na wewe umejificha nyuma yake." Aliondoka bila kuaga. Nilidhani amekasirika, lakini asubuhi alikuja kuomba karatasi.

Mpe muda kidogo. Usimpe mwingi.

Carmen


Kambini, Kasulu
16 Novemba 1997

Yunisi mke wangu,

Karatasi za kwanza nimezichana. Hii naituma hata ikiwa mbaya.

Siwezi. Ndilo neno lenyewe. Tangu mwaka juzi mwili wangu hauitiki. Moyo unakutaka kama siku ile nilipokuja kwenu kutengeneza mlango nikakawia makusudi, lakini mwili umelala. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja, nikasema ni uchovu kweli. Halafu nikaanza kuogopa kabla hata hatujaingia ndani, na hofu ikamaliza kilichobaki. Nilipokugeuzia mgongo Pasaka sikuwa nimelala. Nilikusikia ukilia, na sikujua niseme nini ambacho hakitanifanya niwe si mwanaume mbele yako.

Nilinunua unga wa mizizi mnadani, muuzaji akaapa kwamba nitarudi kuwa kijana. Niliunywa na pombe ya ndizi. Moyo ulikwenda mbio, jasho likanitoka, nikaanguka karakana kati ya madawati. Vijana walinibeba mpaka zahanati, na hapo ndipo Carmen aliponiona.

Aliniuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nakojoa mara ngapi usiku? Nina kiu? Miguu inawaka moto? Asubuhi nikiamka mwili unaamka nao, au la? Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimjibu nikiangalia ukuta. Akanipima mkojo, kisha damu. Nina kisukari, Yunisi, na presha imepanda. Huenda nimekuwa navyo kwa miaka na sikujua, kwa sababu nilijiona nina nguvu za kubeba magogo. Carmen anasema sukari ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na kiungo hicho kinategemea mishipa hiyo hiyo. Sigara zinaibana zaidi. Pombe inaongeza. Hofu inakuja kukaa juu yake. Nilimwambia kuna mtu wa karakana anadhani nimerogwa. Akanijibu, "Huyo mtu alete mkojo wake pia."

Nimeacha sigara. Ni ngumu, sitakudanganya, nimetafuna vijiti vya mbao mpaka ufizi umetoka damu. Pombe nimeiacha. Nameza vidonge, nakula ugali kidogo na mboga nyingi, chai bila sukari, na jioni natembea mpaka mtoni na kurudi. Carmen hanipi ahadi. Anasema kwa wengine nguvu hurudi, kwa wengine hurudi nusu, na kwamba nisipotunza sukari nitapoteza zaidi ya hicho, hata macho na miguu. Nimeamua kutunza.

Kwake naingia kwa nyuma kwa sababu naona haya, sitaki vijana wa karakana wanione. Martini hakudanganya. Macho yake yaliona sawa.

Nakuja kumwambia Leodgar mwenyewe kabla hajapanda Kalinzi. Wewe ulikaa kimya ukitukanwa kwa ugonjwa wangu. Hilo sitalisahau.

Telesphory


Mwamgongo,
7 Desemba 1997

Baba Honorata,

Nimekasirika mpaka nimevunja chungu. Kisha nimecheka, mama yako akafikiri nimechanganyikiwa. Miaka miwili nimejiangalia kwenye kioo nikitafuta nilipoharibika! Nimebadilisha sabuni. Nimemchukia mwanamke ambaye hayupo, nikampa sura, nikampa mpaka meno. Kumbe ni sukari!

Wewe unadhani mimi niliolewa na kiungo kimoja? Ungeniambia ningelia siku moja, tukaamka tukatafuta dawa. Umeninyima hata nafasi ya kukuuguza. Hilo ndilo lililoniuma, na nitakukumbusha mara nyingi, jiandae.

Sasa sikia. Usimwandikie Leodgar. Karatasi ataikana, atasema nimekulazimisha mimi. Uje kwa miguu yako na useme kwa mdomo wako. Mvua hii haijawahi kuonekana, ziwa limepanda mpaka chanja za chini za kuanikia dagaa zimezama, na wanasema barabara ya Kigoma imekatika. Hata hivyo njoo. Leodgar ameshatengeneza pombe na anaita watu wa kumsindikiza.

Nami nimeanza kupika bila chumvi nyingi. Honorata analalamika.

Mkeo,
Yunisi


Mwamgongo,
11 Januari 1998

Dada Carmen,

Amahoro. Nimefika, na vidonge havijalowa, nilivifunga kwenye nailoni kama ulivyoniagiza.

Barabara kuu ilikuwa imekatika, lori likakwama kwenye tope na Mwaka Mpya ukatukuta humo. Nikaona nikingoja nitachelewa. Nikashika njia ya Manyovu, kipande kwa gari la kanisa, kipande kwa miguu, nikisema nitashukia ziwani kwa njia ya mlimani. Njia hiyo inapita Kalinzi. Nilipofika kijijini nikamwuliza mama mmoja habari. Akaniambia, "Leo kuna wageni kutoka Mwamgongo, wameleta posa kwa Mzee Bonaventura."

Nilienda hivyo hivyo, tope mpaka magotini. Leodgar alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, ameshaanza hotuba. Aliponiona akafurahi, akasema, "Bwana harusi mwenyewe huyu!" Watu wakapiga makofi. Dada, nilitamani kurudi kwenye mvua.

Nikamsalimia Mzee Bonaventura shikamoo. Nikasema, "Mzee, naomba radhi. Sijamtuma mtu hapa. Nina mke, na mke wangu amepimwa, hana tatizo. Ugonjwa ni wangu. Nina kisukari, kimenipunguzia nguvu za kiume, na ninatibiwa. Ukinipa binti yako utakuwa umempa taabu, na mke wangu atakuwa ameadhibiwa bure."

Leodgar akasimama. "Unatuvua nguo mbele za watu!"

Nikamjibu, "Kaka, nguo ninayoivua ni yangu. Ya Yunisi mlishaivua ninyi."

Mzee alinisogezea kigoda. Akaniuliza, "Mwanangu, hilo unalisema bila kulazimishwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nimekaa na watu wazima wengi humu. Hakuna aliyewahi kusema neno hilo kwa sauti." Kisha akamwambia mtu airudishe pombe yetu. Kutoka jikoni nikasikia sauti ya msichana ikisema "Asante Mungu," na wenzake wakamziba mdomo kwa vicheko.

Tulishuka mlima pamoja. Leodgar alitangulia hatua kadhaa mbele yangu mpaka ziwani. Nyumbani nilimwita mama, nikamwambia mbele ya Yunisi. Mama alilia. Halafu akamshika Yunisi mkono, akaushikilia tu. Hakuomba msamaha kwa maneno, hana mazoea hayo, lakini jioni alimpelekea samaki, migebuka mikubwa aliyokuwa amejiwekea mwenyewe.

Miguu haiungui tena kama mwanzo. Hilo lingine nitakueleza likieleweka.

Telesphory


Mwamgongo,
19 Aprili 1998

Baba Honorata,

Umerudi kambini, umetuachia nyumba kubwa. Honorata anauliza kila boti inapofika.

Nilitaka kukuambia uso kwa uso nikashindwa, kwa hiyo naandika. Nilifurahi kwamba hatukuharakisha. Zile siku za kwanza tulipokubaliana tuzungumze tu, tushikane mikono, bila kudaiana kitu, nilikuwa nimesahau kwamba unajua kuchekesha. Asubuhi ile ya Pasaka, mvua ilipokuwa ikinyesha na mtoto yuko kwa bibi yake, hukunigeuzia mgongo. Haikuwa kama zamani. Katikati uliogopa, nikaona, ukataka kuinuka uvae. Nikakuambia, "Kaa, hakuna anayetufukuza." Ukakaa. Kilichofuata tunakijua sisi wawili, na siku nyingine hakikuwa hivyo, na sikufa. Nakuambia haya ili ukianza tena kujihesabu huko peke yako, ukumbuke nilivyoyaona mimi.

Mtoto akija, atakuja. Asipokuja, tunaye Honorata, na watu wa kuniangalia tumbo wamepungua.

Leodgar hajafika kwetu tangu Januari. Akipita anaangalia ziwa. Usimkasirikie sana.

Meza dawa. Tembea. Ukivuta hata moja nitasikia harufu kutoka huku.

Mkeo,
Yunisi


Mwamgongo,
5 Julai 1998

Mdogo wangu Telesphory,

Pokea salamu. Ni muda hatujasemezana, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo naanza mimi.

Sikuandika kurudisha mambo ya Kalinzi. Yale yaliniumiza, nami najua yaliwaumiza ninyi zaidi. Mkeo nimemsalimia jana, amenipa chai, imekosa sukari kabisa.

Dhumuni la barua hii ni mtu mmoja ninayemfahamu. Ni mtu mzima, ana heshima zake, ana wake wawili. Anavuta sana, na pombe hakosi. Siku hizi ana kiu isiyoisha na anaamka amka usiku kwenda nje. Na lile jambo ulilolisema mbele ya Mzee Bonaventura, na yeye jogoo wake hawiki. Yule mke mdogo ameanza kumjibu vibaya. Ameshakwenda kwa waganga, wamekula mbuzi wake. Sasa ameletewa unga fulani kutoka mnadani na anafikiria kuunywa.

Ananiuliza kama huyo nesi wako anapokea watu wasio wakimbizi. Pia anauliza kama inauma. Jina lake nisilitaje.

Kaka yako,
Leodgar


Kambini, Kasulu
16 Julai 1998

Kaka Leodgar,

Shikamoo. Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani.

Mwambie huyo mtu unga aumwage leo, tena aumwage mbali na kuku. Mimi uliniangusha kati ya madawati, na moyo wake ni mkubwa kwa umri kuliko wangu. Sigara aanze kupunguza sasa, asingoje nesi. Waganga hawawezi kupima sukari, asiwape mbuzi mwingine.

Carmen nimemwuliza bila kutaja jina. Amesema mkojo hauna uraia. Kupima hakuumi, wanakuchoma kidogo tu kidoleni. Kinachouma ni yale maswali, na hayo yanauma dakika za mwanzo tu, baadaye mtu anajisikia kama ametua mzigo wa kuni. Mwambie ukweli kwamba si kila kinachopotea hurudi chote. Changu hakijarudi chote. Lakini naona vizuri, miguu yangu imepona, mke wangu anacheka ndani ya nyumba, na siogopi tena jua likizama. Akichelewa, sukari haitamngoja.

Na azungumze na wake zake kabla hajaondoka. Hata huyo anayejibu vibaya. Huenda naye anajiangalia kwenye kioo akitafuta alipoharibika.

Barabara imefunguka. Apande boti ya Jumanne, alale Kigoma, Jumatano nitakuwa nimesimama stendi ya Kasulu tangu asubuhi. Nitampeleka kwa Carmen mwenyewe, kwa mlango wa mbele, na nitakaa nje mpaka atoke.

Kwa kuwa safari kama hii ni nzito kwa mtu akiwa peke yake, nakuomba wewe kaka umsindikize. Nitaandaa kitanda kimoja, kitawatosha wote wawili.

Mdogo wako,
Telesphory